Mwali wa Mkongoni

Watu wa kijiji cha Mwongozo walikuwa na usemi wao: Bi Mwanamkuu akifoka, kaa naye, akinyamaza, kimbia. Kufoka ndiko kulikokuwa kusalimia kwake. Aliwafokea mbuzi, alizifokea kuni mbichi, alilifokea jua likichelewa kumkaushia makopa yake ya muhogo, na kila aliyefokewa alijua kwamba moyo wa mama yule hauna kinyongo. Basi siku ile ya mkutano wa kijiji, mwenyekiti aliposimama akatangaza kwamba Jumatatu trekta la wilaya linakuja kuung'oa msitu wa Mkongoni ili upandwe muhogo, wanawake wote waligeuza shingo kumtazama yeye. Hakusema kitu. Aliikaza kanga kiunoni, akaifungua, akaikaza tena, akainuka na kwenda zake mkutano ukiwa bado unaendelea.

Sikuzani, shoga yake tangu usichana wao, alimkimbilia nyuma.

"We mwanamke, umemsikia huyo?"

"Kwani mie sina masikio?"

"Sasa mbona umenyamaza kama uliyemwagiwa maji?"

"Ulitaka nifanyeje, Sikuzani? Nisimame mbele ya kadamnasi nijibizane na mkwe wangu?"

Na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mwenyekiti mwenyewe, Ndugu Maneno Husseini, ndiye aliyemwoa Siwema, mtoto pekee wa Bi Mwanamkuu. Na kwa watu wale, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawasemezani, hawali pamoja. Mume wa binti akikutana na mkwe njiani, huiacha njia akaingia majanini mpaka mama apite. Mama mkwe akiwa ameketi mahali, yeye hapapiti, labda mama ainuke. Wakiwa na la kuambiana, mshenga aliyeleta posa ndiye hulibeba akalipeleka. Si chuki hiyo, jamani, msije mkadhani. Hiyo ndiyo heshima yenyewe, na mkwe asiyeona haya alihesabiwa mtu wa kuokotwa. Tangu siku ya posa Maneno hakuwahi kuuona uso wa mama mkwewe sawasawa. Kwenye mikutano Bi Mwanamkuu alikaa nyuma kabisa ya wanawake, akawapa wote mgongo, ili mwenyekiti aweze kuhutubia bila ulimi kujikwaa.

Na huko Mkongoni kulikuwa na nini cha kumnyamazisha mtu? Mtu wa mjini angekwambia miti. Ni kweli kulikuwa na mikongo, ile miti minene ambayo mbao zake ndizo milango ya wenye uwezo. Lakini chini ya mikongo ile, masika ikishailowesha ardhi, palitoka uyoga ambao wazee waliuita mwali. Waliuita hivyo kwa sababu hukaa ndani mwaka mzima, chini ya majani makavu, hauonwi na mtu, kisha hutoka nje kwa siku chache tu, na ukitoka hakuna asiyegeuza macho. Kofia yake ya njano kama bizari, mguu wake mwekundu, na ukiukata unanukia korosho zinazokaangwa. Tena hauchumwi ovyo. Mama yake Bi Mwanamkuu alimfundisha: usiufukue ukiwa bado mchanga, usichakurechakure majani kwa fimbo, kata kwa kisu juu ya ardhi, waache wengi kuliko unaowachukua, halafu rudisha majani kama ulivyoyakuta, umfunike mwali asichomwe na jua.

Zamani mwali alikuwa kila mahali. Huko Kibuta alikuwapo, mikongo ikapasuliwa mbao, akaondoka. Upande wa Mlandizi waliingia wachoma mkaa, tanuri baada ya tanuri, magunia yakaenda Dar es Salaam kuwapikia watu wali, na huko nako mwali akaondoka. Kwingine walikuja vijana wachuuzi na majembe, wakafukua hata vile vichanga ambavyo kofia hazijafunguka, wakauza, wakala, na mwaka uliofuata walikuta vumbi. Akabaki Mkongoni tu, na hata Mkongoni hakuwa mwingi. Alitoka chini ya mikongo ya kule kati, basi.

Bi Mwanamkuu alizaliwa ubavuni mwa msitu ule. Operesheni ya vijiji ilipokuja, nyumba zao za kale ziliezuliwa, wakapakiwa kwenye malori na vyungu vyao na kuku wao, wakashushwa barabarani kwenye viwanja vilivyopimwa kwa kamba. Alilia siku hiyo, tena kwa sauti, kisha akajenga. Hakuwa mpinga ujamaa. Siku za shamba la kijiji yeye ndiye aliyefika kwanza na jembe lake, akawafokea waliochelewa. Lakini roho ilimwuma. Masika ya kwanza alirudi Mkongoni, akamchimba mwali pamoja na udongo wake, karai zima, akaja kumpanda nyuma ya nyumba mpya chini ya mkorosho. Akamwagilia maji, akafunika majani, akawakataza kuku hata kupita karibu. Masika ikaja, ikapita. Ikaja nyingine. Kilichoota pale ni mchicha.

Aliyemweleza sababu ni Eugenia, bibi shamba kijana aliyekuwa akija na baiskeli kutoka Kibaha. Huyu binti alikuwa mtu wa bara, amesoma, na mambo ya uyoga aliyasomea kweli, si ya kubahatisha.

"Mama," alimwambia siku ile, wote wawili wamechuchumaa juu ya mchicha, "uyoga huu na mkongo ni mtu na mumewe. Chini ya ardhi una nyuzi nyembamba zilizoshikana na mizizi ya mti. Mti unaupa chakula, nao unautafutia mti maji na rutuba. Ukiuleta kwenye mkorosho umeleta mjane. Na ukiukata mkongo, umeuzika na uyoga hapo hapo."

Bi Mwanamkuu alimsikiliza mpaka mwisho, jambo lisilokuwa kawaida yake. "Kumbe nilimwua mwenyewe," alisema. "Karai zima! Ewe Mola wangu." Na tangu siku hiyo alijua kwamba mwali wa Mkongoni hana pa kuhamia.

Ndiyo maana, kutoka kule mkutanoni, alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Kondo, mshenga, aliyekuwa ameketi kwake akitafuna muwa.

"Mzee Kondo, nina neno. Mpelekee mkwe. Mwambie bondeni kuna vichaka vya upupu ambavyo hakuna anayevililia, muhogo ukalimwe huko, wakitaka na mie nitakwenda kufyeka. Mkongoni aniachie."

Mzee Kondo alikwenda, akarudi anatafuna ule ule muwa.

"Mwenyekiti anasema anakuheshimu sana, mama. Ila shamba limeshapangwa wilayani na Mkongoni umo, na mikongo itauzwa mbao, matawi yatachomwa mkaa. Anasema uyoga si zao. Wilaya haipimi ekari za uyoga. Halafu anasema..."

"Sema tu, hukutumwa kumeza."

"Anasema uyoga hauna kwao. Utaota tu mahali pengine."

"Amesema hauna kwao?"

"Mie mshenga tu, mama."

"Kamwambie sijamjibu," alisema Bi Mwanamkuu, akaenda nyumbani kutafuta mkeka.

Jumatatu asubuhi alijitwika mkeka wake, kibuyu cha maji, viazi vya kuchemsha na fungu la ukindu. Njia ya kuingia Mkongoni ni moja. Kushoto pana korongo, kulia pana tope ambalo liliwahi kulilaza lori la korosho mwezi mzima. Trekta lisingepita pengine. Pale pale katikati ya njia, mbele ya mikongo, alitandika mkeka, akaketi, akanyoosha miguu yake na kuanza kusuka ukili.

Wakaja. Trekta linanguruma, wanaume wanaimba, mashoka mabegani, na mbele yao Ndugu Maneno Husseini na shoka jipya, kwa sababu pale Mwongozo kazi ya kijiji hufunguliwa na mkubwa wa kijiji. Pigo la kwanza ni lake, na kabla hajapiga hakuna mwingine anayepiga. Alipokata kona aliona mkeka. Kisha aliona miguu. Hakungoja kuona uso. Mwenyekiti mzima, na shoka lake na beji yake ya chama, aliruka majanini kama panzi.

Wimbo ukakatika. Mashaka, dereva wa trekta, alichungulia kutoka juu.

"Kuna nini huko? Chui?"

"Afadhali chui," alijibu mmoja. "Mama mkwe wake."

"Si aondolewe?"

"Na nani?"

Nani atie mkono kwenye bega la mama mkwe wa mwenyekiti, halafu jioni arudi kuishi kijiji kimoja na mwenyekiti? Wote walitazama mashoka yao. Mashaka hakuwa mtu wa huku, lakini kwao nako kulikuwa na wakwe, tena mkwe wake mwenyewe alikuwa hamchekei. Alikohoa, akaizima injini.

"Mimi nimetumwa kulima," alisema. "Sikutumwa kugombana na wakwe za watu."

Akaitwa Mzee Kondo. Maneno alikuwa amesimama nyuma ya gurudumu kubwa la trekta, hatua chache tu kutoka mkekani, amempa mama mkwe mgongo. Akanong'ona kwa nguvu, "Mwambie mama kazi ya taifa inangoja."

Mzee Kondo akajikongoja mpaka mkekani. "Mama, kazi ya taifa inangoja."

"Mwambie taifa halikosi pa kulima. Upupu uko bondeni."

Akajikongoja mpaka kwenye gurudumu. "Anasema taifa—"

"Nimesikia, Mzee Kondo."

"Anasema amesikia," Mzee Kondo akapaza sauti kutoka pale pale alipo.

"Na mie nimemsikia akisema amesikia."

"Ebo! Sasa kama mnasikiana, mie natembezwa ya nini, na magoti yangu haya?"

Wanaume waliangua kicheko, hata Mashaka. Bi Mwanamkuu peke yake hakucheka. "Tembea, Mzee Kondo," alisema bila kuinua macho kutoka kwenye ukili. "Kilemba cha ushenga ulikipokea, na pilau ulikula." Mzee Kondo akatembea mpaka jua likawa kali, na mwisho wa yote wakageuza trekta wakarudi walikotoka.

Jumanne walirudi, wakamkuta. Jumatano vile vile. Mvua ilianza kunyesha, yeye akajifunika jamvi la zamani, akaendelea kukaa. Alitetemeka, mifupa ikamwuma, na alipojisikia kuinuka alijifokea mwenyewe. Sikuzani alimletea uji wa moto na maneno ya utani. "Ukifa hapa nitasema uliuawa na uyoga, watu watadhani ulikula wa sumu."

"Nikifa hapa," alijibu, "nizike hapo hapo njiani. Trekta halipiti juu ya kaburi."

Jioni ya siku hiyo alikuja Siwema. Alikuja analia tangu mbali, maziwa yamemlowesha blauzi kwa sababu amemwacha mtoto nyumbani, na hakusalimia.

"Mama, unanivunjia ndoa."

"Mumeo kasema hivyo?"

"Mume wangu hasemi. Hali wala halali. Wilaya wamemwambia Ijumaa isipite. Ikipita watamvua uenyekiti na kumweka ndani kwa kuhujumu kilimo. Wenzake wanamcheka kwamba anaongozwa na mkwe. Na mimi kila nikipita kisimani wanaacha kuongea. Hebu nijibu, mama: uyoga na mimi, nani mwanao?"

Swali lile lilimchoma Bi Mwanamkuu mahali ambapo baridi haikufika. Aliweka ukili chini.

"Ni wewe. Huna haja ya kuuliza. Lakini sikia. Nyumba niliyokuzalia waliivunja, nikanyamaza. Minazi ya baba yako niliiacha ina nazi juu, nikanyamaza. Na kaburi lake tumeliacha porini linaota magugu, nikanyamaza, nikasema ni ya serikali na serikali ina akili zake. Kila kitu chetu kimeambiwa kitaota mahali pengine. Mie nilijaribu kumwotesha huyu mahali pengine, Siwema, kwa mikono yangu, na nilimwua. Hana pengine. Nimechoka kunyamaza! Nimechoka, mwanangu, na ninaogopa, na sitoki."

Siwema alisimama mvuani akimtazama. Halafu alivua kanga yake ya juu, kavu nusu, akamfunika mama yake mabegani, akaondoka bila kuaga.

Usiku ule mama yule alilala kwake hakupata usingizi, na asubuhi ya Alhamisi alitembea kwenda Mkongoni akiwa nusu amekata shauri la kuwaachia. Ndoa ya mwana si mchezo. Lakini alipofika aliona baiskeli imeegemezwa mtini, na Eugenia amepiga magoti kule kati, mikono mashavuni.

"Shikamoo mama. Njoo uone."

Wametoka. Chini ya mikongo, katikati ya majani meusi ya mvua, kofia za njano zilichungulia, moja hapa, mbili pale, nyingine bado zimebeba jani kichwani. Bi Mwanamkuu alichuchumaa, akashindwa kufoka.

"Nimezunguka nikiuulizia tangu Kongowe ile ya Kibaha, Mlandizi, Kibuta, kote," alisema Eugenia. "Wazee wote wanaukumbuka, na hakuna aliyeuona mwaka huu wala mwaka jana. Nilipowaeleza wakubwa wangu walicheka. Mama, sikudanganyi. Ukiisha hapa, sijui pa kukupeleka ukauone tena. Na mimi sina cheo cha kuzuia trekta."

"Cheo ninacho mimi," alisema Bi Mwanamkuu. "Mie mkwe wa mwenyekiti."

Sikuzani alipofika na uji aliziona kofia, akameza mate. "Tuchume ya mboga?"

"Hata mmoja. Mwaka huu haliwi mtu." Akarudi mkekani kwake, akaketi.

Ijumaa, baada ya swala, ndipo Mzee Kondo alipokuja na ujanja wake. Alikuja peke yake, amevaa kanzu, na nyuma yake mbali kidogo mwenyekiti na wanaume na trekta wamesimama. Mkononi alikuwa na doti ya kanga mpya na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu.

"Mama," alisema, safari hii kwa adabu kubwa, "mkwe wako ameniletea neno jema. Amekaa na mwanao miaka, ana watoto naye. Anaona wakati umefika wa kuvunja haya."

Sikuzani alishika kifua. Kila mtu pale alijua maana yake. Kuna siku katika maisha ya mkwe na mama mkwe ambapo heshima ile ya kukwepana huondolewa kwa heshima vile vile. Mkwe huleta nguo na kitoweo, mama hupika au hupikiwa, wanakula sinia moja, mama anampa tonge kwa mkono wake. Wakishakula, basi, wanatazamana, wanasemezana, na mkwe anaweza kupita alipo mama yake kama anavyopita mtu mwingine. Ni jambo la furaha, hufanyiwa ngoma. Na mama anayelikataa amemtukana mkwe tusi ambalo halifutiki, amemwambia binti yake afungashe.

"Usikubali, Mwanamkuu!" Sikuzani alimnong'oneza. "Mtego huu. Ukila tu, anakupita na shoka lake!"

"Nauona."

"Basi kataa!"

"Nikikataa nimemwacha Siwema bila mume. Nikikubali nimewaachia Mkongoni." Alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Mzee Kondo, wewe mtu mbaya sana. Akili hiyo ungeitumia shambani tungekuwa matajiri."

"Mie mshenga tu, mama."

Bi Mwanamkuu alinyamaza. Alinyamaza kwa muda mrefu mpaka wanaume kule mbali walianza kurudi nyuma, maana waliujua usemi wa kijiji. Alimtazama jogoo. Alimtazama Eugenia, ambaye hakujua linaloendelea na alikuwa ameshika usukani wa baiskeli kwa mikono miwili. Kisha akatikisa ukindu mapajani mwake.

"Mwambie aje," alisema. "Sikuzani, washa moto. Tutakulia hapa hapa."

Jogoo alichinjwa, akapikwa kando ya njia kwa kuni za kuokota. Siwema aliitwa, akaja na unga na sinia, macho mekundu, haelewi afurahi au alie. Watu waliketi kuzunguka. Maneno aliletwa ameshikwa mkono na Mzee Kondo kama bwana harusi, kainamisha kichwa, akaketi kwenye ukingo wa mkeka, jasho likimtoka. Alikuwa bado kijana yule, hata beji ya chama haikumzeesha. Bi Mwanamkuu alikata tonge la ugali, akalichovya kwenye mchuzi, akalinyoosha.

"Pokea, mwanangu."

Akapokea. Akala. Wanawake wakapiga vigelegele, vya wasiwasi lakini vigelegele. Na Maneno akainua macho, mara ya kwanza, akamwona mama mkwewe: mwanamke mwenye mvi zilizotoka chini ya kitambaa, midomo imekauka kwa baridi, amevaa kanga ya Siwema.

Walikula mpaka sinia ikaisha. Hapo Maneno akanawa, akajifuta, akavuta pumzi, akachukua shoka lake lililokuwa limelazwa majanini. "Mama, nashukuru. Sasa haya imekwisha baina yetu. Naomba unipishe."

"Ndiyo, imekwisha," alisema Bi Mwanamkuu, naye akasimama, magoti yakalia. "Tangu umwoe binti yangu nimeumeza ulimi kwa ajili yako. Ulipowaambia watu wa wilaya tulihama kwa furaha, niliumeza. Ulipoleta habari kwamba uyoga hauna kwao, niliumeza ukanikwama. Leo umenifungua mwenyewe kwa jogoo. Basi nisikilize. Si kweli kwamba hauna kwao. Kwao ni hapa! Ni sisi tunaoambiwa hatuna kwetu, tukapangwa mstari kama chupa dukani, tukakubali, tukasema ni maendeleo. Huyu hakubali. Ukimhamisha anakufa, na mie namwonea wivu, maana ana msimamo kuliko mwenyekiti wa kijiji changu. Muhogo utaota kwenye upupu, muhogo hauna maringo. Mnakwenda kung'oa cha mwisho ili mpande kinachoota popote, halafu mnaita hiyo hesabu!"

Mzee Kondo alikuwa ameinama anatafuta kitu ambacho hakikuanguka.

"Sasa njia hiyo," Bi Mwanamkuu aliendelea, na hakutoka katikati yake. "Jana nilikuwa mkwe wako, ukashindwa kunipita kwa haya. Leo umekula tonge mkononi mwangu. Umeniita mama mbele ya watu wote hawa. Si mkwe tena mimi, ni mama yako mzazi. Haya, mwanangu. Mpite mama yako na shoka."

Maneno alisimama. Alimtazama Siwema, naye Siwema hakuyakwepesha macho wala hakumsaidia. Alimtazama Mashaka juu ya trekta, na Mashaka akatazama mawingu. Alipiga hatua moja mbele. Mama hakurudi nyuma. Sasa walikuwa karibu kiasi kwamba mpini wa shoka uligusa kanga yake. Na huyu kijana, aliyekuwa hodari wa kuruka majanini, safari hii hakuwa na majani ya kurukia, kwa sababu aliyafyeka mwenyewe kwa jogoo wake.

"Wataniweka ndani, mama," alisema kwa sauti ndogo.

"Nitakuletea chakula. Kila siku, kwa miguu, mpaka wakutoe."

"Si mzaha."

"Kwani nimekaa mvuani wiki nzima kwa mzaha?"

Maneno aliushusha mkono wenye shoka. Akageuka, akawaambia wanaume waende bondeni kwenye upupu, na sauti yake ilikuwa imerudi. Akamwambia Mashaka awashe injini, alishushe trekta bondeni lianze kazi, kisha yeye mwenyewe atakwenda Kisarawe wilayani leo leo, kabla hawajamfuata. Eugenia alisema atakwenda naye, kama hatajali, akaeleze habari za mizizi. Maneno akapanda trekta, na alipokwisha kupanda alimtazama mama mkwewe machoni, bila haya yoyote.

"Na wakiniuliza kwa nini msitu haukukatwa, mama, niwaambie nini? Uyoga hawatanielewa."

Bi Mwanamkuu alikwisha kuketi tena mkekani, katikati ya njia.

"Waambie mama yako amekataa."